Kopo Nyuma ya Televisheni

Mtaani walimwita Daktari, ingawa hakuwahi kumtibu mtu hata mafua. Jina hilo alilipata enzi za televisheni zenye mgongo mkubwa. Aliitwa nyumbani kwa watu, akafika na mkoba wake wa ngozi, akapiga goti, akaweka sikio ubavuni mwa televisheni, akaigonga kwa kidole na kusema, "Huyu kifua kimembana." Watu walicheka, mgonjwa akapona. Na ukiona kila anachokigusa mtu kinapona, unaacha kumcheka unaanza kumwamini, hata pale asipostahili kuaminiwa. Hilo ndilo lililomponza.

Kisha zikaja televisheni nyembamba kama trei. Hizo hazikuwa na kifua cha kusikiliza. Zikiharibika zinatupwa, mwenyewe ananunua nyingine. Kibanda cha Daktari kikakosa wagonjwa, akakifunga na kuhamishia vifaa vyake chini ya kitanda, na mkewe akalalamika kwamba sasa analala juu ya karakana. Kilichombakia Daktari ni jina. Jina haliliwi wala halivaliwi, lakini mwanamume aliyezoea kusalimiwa kwa heshima kila apitapo haliachi kirahisi. Kila asubuhi alikwenda kukaa kwenye benchi la duka la kona, na wenzake wakimwona tu walisogea kumpa nafasi ya katikati. Nafasi ile aliipenda kuliko chai yenyewe.

Kampuni iliyokuwa ikiuletea mtaa televisheni kwa waya ilipotangaza kwamba waya uleule sasa unaleta na mtandao, majirani walijiandikisha mmoja mmoja, na mwishowe Daktari naye akajiandikisha. Binti wa kampuni alimuuliza kwenye simu fundi aje siku gani kumfungia.

"Fundi wa nini, binti yangu?" Daktari alimjibu. "Fundi ndiye unayeongea naye."

Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, aliinua macho akayashusha tena. Alikuwa ameishi na Daktari muda wa kutosha kujua lini maneno yanafaa kitu.

Modemu ilikuja ndani ya boksi jeupe, kijisanduku chenye taa nne usoni na mdomo wa waya mgongoni. Daktari aliiweka mezani, akavaa miwani, akaanza kuitazama kwa raha ambayo hakuwa ameionja tangu afunge kibanda. Taa ya kwanza, umeme. Taa ya nne, mtandao. Za katikati zilikuwa na mishale, mmoja umeelekea chini na mwingine umeelekea juu, na karatasi ya maelezo ilisema moja ni ya kupokea na nyingine ni ya kutuma. Daktari alisoma hapo akatabasamu. Miaka yote aliyofanya kazi ya waya, waya ulikuwa unaleta. Hakuwahi kuona waya wa televisheni unaopeleka. Akaamua kwamba taa hizo mbili ni jambo lilelile limesemwa mara mbili, kwa kuwa hawa wa siku hizi wanapenda mapambo, na karatasi akaifanya kitegemeo cha mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Waya ulioingia sebuleni ulikuwa mmoja, na sasa walaji walikuwa wawili, televisheni na modemu. Daktari akatoa kwenye mkoba kiungo cha njia mbili, akaufunga waya mdomo mmoja, akatoa tawi moja kwenda kwenye modemu na jingine kwenda kwenye televisheni. Alikaza nati kwa vidole, kisha kwa koleo, taratibu, kama mtu anayefunga vifungo vya shati la mtoto. Taa zikapepesa moja baada ya nyingine, zikatulia. Simu ya mkewe ikaita papo hapo: ilikuwa picha ya mjukuu wao, imefunguka yote bila kusitasita.

"Haya," mkewe alikiri, "kumbe mkono bado upo."

Lakini jioni alipokaa kutazama tamthilia yake, picha ilikuwa na chenga. Nguvu iliyokuwa ya mmoja sasa iligawanywa kwa wawili.

"Baba watoto, umeniletea mtandao umeniulia tamthilia."

Hapo ndipo Daktari alipoinama chini ya kitanda akatoka na kopo.

Kopo hilo lilihitaji heshima. Zamani, picha zilipokuwa zikikamatwa kwa antena juu ya paa, Daktari alijibunia kifaa cha kuzitia nguvu, akakisuka kwa mkono wake waya kwa waya, akakificha ndani ya kopo la maziwa ya unga ili kisiguswe. Kila kopo alilikwaruza chini alama ya msalaba mdogo, ileile aliyoichora kwenye mkoba wake. Karibu kila nyumba ya mtaa iliwahi kuwa na kopo la Daktari. Yote yalikwisha kutupwa isipokuwa hili. Alilifunga nyuma ya televisheni, akalichomeka kwenye soketi moja nayo ili viwake na kuzimika pamoja, na picha ikang'aa mpaka mkewe akapiga makofi. Usiku huo Daktari alilala usingizi wa mtu aliyerudishiwa kazi.

Siku zilizofuata, mtandao wa mtaa mzima ukaanza kuugua.

Ulikuwa mzima asubuhi na mchana. Ikifika jioni, watu wanarudi makwao, unakatika. Unarudi kidogo, unakatika. Mwalimu wa nyumba ya ghorofa alishindwa kutuma mitihani, wapenzi waligombana kwa sababu ujumbe haukujibiwa, na mwenye duka la kona, ambaye biashara yake ya jioni ilikuwa watu kukaa hapo na simu zao, alianza kununa. Kampuni ilipigiwa, mafundi wakaja asubuhi, wakapima, wakakuta kila kitu shwari, wakaondoka. Kwenye kundi la mtaa la kwenye simu kila mtu akawa na lake. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa na lake, wakasema aulizwe Daktari.

Sasa, tumtendee haki Daktari, kwake pia ulikatika. Hakuwa mwongo alipolalamika pamoja nao. Alikaa katikati ya benchi, akatafakari kwa sauti kama alivyozoea. Majuma machache yaliyopita tulikuwa salama, alisema. Nini kimezidi tangu hapo? Akahesabu nyumba kwa kidole. Wote walikuwa wa zamani, isipokuwa yeye mwenyewe, ambaye hakujihesabu, na mshonaji.

Mshonaji alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mtu mpole aliyeongea kidogo kwa sababu mdomo wake mara nyingi ulikuwa umebana pini. Aliweka mtandao ili wateja wamtumie picha za mishono wanayoitaka. Fundi wa kampuni alikuja kumfungia mchana, watu wakiwa makazini, kwa hiyo hakuna aliyeshuhudia. Walichokiona ni waya mpya umeingia dirishani kwake.

"Mimi sisemi," alisema Daktari, na anayeanza hivyo huwa anasema. "Lakini waya ule umeingia kwa mlango wa nyuma. Mtu akijiunganisha kienyeji anavujisha nguvu ya wote. Hilo ni jambo la kitaalamu."

Neno kitaalamu ndilo lililomaliza mjadala. Jioni hiyohiyo walimfuata mshonaji, Daktari mbele na mkoba begani. Mshonaji alitoka na futi ya kupimia shingoni, akasikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," alisema, "mimi nimefungiwa na kampuni. Kabla hujakata, angalia kwanza na kwako."

"Kwangu?" Daktari alicheka, na wote nyuma yake wakacheka, maana ilikuwa kama kumwambia mwenye duka aangalie kama anajua bei ya sukari. Akatoa koleo, akaukata waya wa mshonaji dirishani, mbele ya macho ya watu. Alipokuwa akiurudisha mkoba begani, vidole vyake viligusa mshono mnene wa kamba yake. Kamba hiyo ilikatika mwaka uliopita, na mshonaji ndiye aliyeishona, akakataa malipo, akasema jirani hamtozi jirani. Daktari aliusikia mshono ule mkononi, lakini hakusimama.

Na ibilisi naye ana mipango yake. Jioni hiyo mkewe Daktari alikuwa kwa dada yake, televisheni haikuwashwa, na mtandao wa mtaa ukawa safi kama maji ya mtungi. Watu walimpongeza Daktari mpaka akaona haya ya uongo, ile ya kusema "kawaida tu." Kesho yake mke alirudi, tamthilia ikawashwa, mtandao ukafa tena, lakini ubaya ulikwisha kupata mwenyewe. Wakasema mshonaji kajiunganisha tena kwa siri. Wanawake waliokuwa wamempelekea vitambaa wakaanza kuvifuata kimoja kimoja, vingine vikiwa vimeshakatwa. Cherehani iliyokuwa ikisikika ukutani mpaka jioni ikawa inasikika kwa vipande, halafu ikawa haisikiki kabisa. Daktari alidhani anafurahia utulivu. Ukweli ni kwamba alikuwa akiisubiri ilie, na ilipokuwa hailii, aliinuka mezani kabla ya kumaliza chakula.

Hatimaye kampuni ikamtuma fundi wake jioni, saa ya ugonjwa wenyewe. Alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, na alikuja na ngazi na mbinu rahisi tu. Aliwaambia watu wasimame madirishani na simu zao. Yeye atapanda nguzo, atafungua waya wa kila nyumba mmoja mmoja na kuurudisha. Mtandao ukirudi, wapige kelele. Daktari, kwa cheo chake, alishika ngazi.

Waya wa kwanza kuguswa ulikuwa wa mshonaji.

"Huu ni wetu, nimeufunga mwenyewe," fundi alisema kutoka juu. "Lakini mbona hauna kitu? Nani kaukata?"

Daktari aliitazama miguu ya ngazi. Kama waya umekatwa na ugonjwa bado upo, basi mgonjwa si huyo. Hesabu hiyo hata yeye hakuweza kuikimbia. Alijifariji tu kwamba nyumba ni nyingi.

Fundi akaendelea. Akafungua wa mwalimu. "Bado!" walisema madirishani. Akafungua wa mwenye duka. Bado. Akaenda hivyo, anafungua anarudisha, na kila "bado" ilipotoka Daktari alihisi kitu kinamkaribia kwa hatua za polepole. Akafungua wa Daktari.

"Imerudi!"

Ilitoka dirisha moja, ikafuata la pili, halafu mtaa wote. Watoto waliruka. Mtu alipiga sufuria. Mwenye duka alitoka nje akiwa ameinua simu juu, anacheka peke yake. Tangu azaliwe Daktari hakuwahi kusikia mtaa ukifurahi hivyo kwa jambo linalomhusu, na alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na ngazi. Kule madirishani hawakujua ni waya wa nani uliofunguliwa. Walijua wawili tu, aliye juu ya ngazi na aliye chini.

Fundi alishuka, akajifuta mikono. "Mzee," alisema kwa sauti ndogo, "ni huu wa kwako. Twende ndani tuone."

Mkewe aliwapisha sebuleni. Fundi aliitazama modemu, akaukubali ufungaji wake kwa kichwa, kisha akafuata waya mpaka nyuma ya televisheni. Akatoka na kopo, la moto, amelishika kwa ncha ya shati.

"Mzee wangu, televisheni ni msikilizaji," alisema bila ukali wowote. "Inaletewa, inapokea, basi. Modemu inasikiliza na inajibu. Ndiyo maana ina taa ya kushuka na taa ya kupanda. Majibu ya nyumba zote hizi yanapanda kwenye njia moja kuja kwetu. Kopo hili likipata moto linapiga kelele, na kelele inarudi kwenye waya inapanda nguzo. Nyumba moja ikipiga kelele, wengine wote hawasikiki."

Daktari alielewa. Kwa bahati mbaya alielewa vizuri sana, mpaka kwenye mshale uliochorwa kwenye karatasi iliyokuwa chini ya mguu wa meza.

"Nani alitengeneza hiki?" fundi aliuliza, na ilikuwa dhahiri kwamba anakistaajabia.

"Nilikinunua," alisema Daktari. "Zamani. Sokoni."

Mkewe, aliyesimama mlangoni, aligeuza uso kama mtu aliyemwagiwa kitu. Fundi alilipindua kopo, akauona msalaba mdogo uliokwaruzwa chini. Macho yake yakapanda mpaka kwenye mkoba uliotundikwa ukutani, wenye msalaba uleule, yakashuka haraka. Aliliweka kopo mezani, akasema atakwenda kurudisha waya huu na kuunga wa jirani, akaaga. Heshima ile ya kutosema kitu ilimuuma Daktari kuliko matusi.

Nje watu walikuwa wamekusanyika. "Daktari, kulikuwa na nini?"

Njia ya kusema ilikuwa wazi, na maneno hayakuwa mengi. Daktari alifungua mdomo.

"Nati," alisema. "Kule juu. Ililegea."

"Ililegea au ililegezwa?" aliuliza mwenye duka, na wote wakageuka kutazama dirisha la mshonaji. "Si tulisema? Alipanda akachezea. Bila Daktari huyu angetumaliza."

Daktari angeweza kuwakatiza, lakini hakuwakatiza. Aliitikia kwa koo, sauti isiyo ndiyo wala hapana, akarudi ndani.

Mkewe hakuwasha televisheni. Alikuwa amekaa, kopo mapajani, ameligeuza msalaba juu.

"Miaka yote hii," alisema, "nilikuwa naona fahari nikisema mume wangu ndiye aliyeyatengeneza haya. Leo umelikana mbele yangu. Kukosea si kitu, baba watoto, kila mtu hukosea. Lakini yule bwana wa ukuta wa pili anakula nini wewe ukilinda jina?"

 Daktari aliona aibu, aibu nzito ya mwilini, inayoyachoma masikio na kufanya mikono isijue pa kukaa. Alimwonea haya mkewe, akaionea haya modemu iliyokuwa imetulia na taa zake nne, na alipojaribu kujitetea moyoni alikuta kila neno limeshatumika kumshitaki mtu mwingine.

Asubuhi hakwenda kwenye benchi. Alizunguka ukuta akabisha kwa mshonaji, kopo kwapani. Mshonaji alikuwa kwenye cherehani, anashona pindo la kitambaa kisicho cha mteja, kwa vile tu mikono imezoea. Alimkaribisha kwa kichwa, hakusimama.

"Jirani, lilikuwa hili," Daktari alisema, akaliweka mezani kati ya mikasi na chaki. "Lilikuwa kwangu, nyuma ya televisheni. Nimelitengeneza mimi. Nilikukata waya bure na nikakuchafulia jina. Nimekuja kukuomba radhi."

Cherehani iliendelea hadi mwisho wa pindo. Mshonaji akatoa pini mdomoni, akakata uzi kwa meno.

"Nilikuwa najua," alisema.

"Ulijua?"

"Ukuta huu ni mwembamba, Daktari. Kila wimbo wa ile tamthilia ya shemeji ukianza, simu yangu ilikuwa inakufa. Ukiisha, inarudi. Hata mtoto angejua."

"Sasa mbona hukusema mbele ya watu?"

Mshonaji alimtazama kwa mara ya kwanza, na machoni mwake hakukuwa na hasira ila uchovu tu. "Nilikuambia uangalie kwako, ukacheka, wakacheka. Ningesema zaidi, nani angemsikiliza mshonaji habari za waya, na Daktari amesimama pale?"

 Daktari alitaka kuulizwa, kutukanwa, chochote. Mshonaji alivuta kitambaa kingine, akakiweka chini ya sindano.

"Radhi nimekupa," alisema. "Lakini haya umeniambia mimi, na mimi nilikuwa nayajua. Wasiojua wako nje."

Cherehani ikaanza tena. Daktari alichukua kopo lake, akatoka.

Barabara aliivuka akilishika mbele, kwa mikono miwili, kila mtu alione. Benchi lilikuwa limejaa. Mwenye duka alimwona akatabasamu, na wenzake, kwa mazoea, wakasogea huku na huku kumwachia nafasi ya katikati.

"Karibu, Daktari. Keti, chai inakuja."

"Siketi," alisema Daktari. Masikio yalikuwa yanamwaka, na bado wote walikuwa wanatabasamu wakimsubiri awaambie jambo la kitaalamu. "Mtandao wenu uliuawa na kopo hili. Ni langu. Nimelitengeneza kwa mkono wangu, na nilijua tangu jana jioni. Mshonaji hana kosa hata la uzi."

Hakuna aliyecheka. Mwenye duka alishusha kikombe. Ng'ambo ya barabara, cherehani ilikuwa imenyamaza, na Daktari hakuthubutu kugeuka kutazama dirishani.